Daftari linasema wamelipa

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke, na mtaa wetu usiutaje, maana Moshi ni ndogo. Mimi ni mama wa watoto 3, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa 11 nafundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu.

Kila likizo ya Juni tunakuwa na wiki ya watoto ya kujifunza Biblia, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipoanza ilikuwa bure. Mama mmoja analeta unga wa ulezi, mwingine sukari, mzee mmoja mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, analeta mkungu wa ndizi mbivu, na sisi walimu tunachora Nuhu na Danieli kwenye maboksi tuliyoomba dukani. Watoto walifika mpaka 140. Wengine hata hawakuwa wa kwetu, walifuata uji na mpira, lakini walikaa na kusikiliza.

Mwaka juzi kamati ya watoto ilipata mwenyekiti mpya. Yeye ni mtu wa mipango, ila mimi namwona ana roho ya biashara. Alisema wiki yetu imepooza, watoto wanakimbilia makanisa mengine yenye vyombo na safari. Ikapitishwa bajeti ya watoto 100: tisheti 700,000, mabasi ya kwenda kuona maporomoko ya maji siku ya Ijumaa 300,000, uji na maandazi siku 4 jumla 240,000, pilau ya kufungia 160,000, daftari na kalamu za rangi 100,000. Jumla 1,500,000, kwa hiyo kila mtoto Sh 15,000. Watoto wa walimu hawalipi, wangu wakiwemo. Kwenye kikao nilinyamaza. Mtunza hazina wa kamati ni mama mkwe wangu, na yeye ndiye aliyesema "hoja imeungwa mkono".

Mwaka huu nilipangiwa meza ya getini na kijana mmoja wa kamati. Yeye anapokea pesa, mimi naandika daftari. Jumatatu alikuja mtoto wa kiume wa miaka kama tisa, amemshika mdogo wake mkono. Viatu amevipiga rangi mpaka vinang'aa, na baridi yote ile hana sweta. Nikamuuliza pesa iko wapi. Akasema, "Bibi ataleta akishauza ndizi." Nikafuata utaratibu, nikawarudisha. Saa sita natoka nje kutupa maganda, nawakuta wamekaa kwenye kalvati, ng'ambo ya ukuta. Sisi ndani tunaimba, yeye anamfundisha mdogo wake ishara za wimbo.

Shangazi, usiku ule sikulala. Kesho yake nikawaingiza na kuandika "amelipa". Kisha nikamwandikia hivyo hivyo mwingine, na mwingine, mpaka wakafika 9. Kijana wa watu alikuwa ananiamini. Nikimwambia "huyu nimeshapokea mimi", anasema sawa mwalimu.

Alhamisi yule bibi akaja mwenyewe. Akafungua pindo la kanga, akatoa Sh 6,000, akasema nyingine italetwa. Nikamwambia kwa furaha, "Usijali bibi, wameshalipiwa." Akaniangalia. Akauliza, "Na nani?" Nikakosa jibu. Akafunga pindo lake akaondoka, hata asante hakusema. Ijumaa wajukuu hawakuja kwenye safari.

Sasa daftari linasema watoto 88 wamelipa. Pesa halisi ni ya watoto 79, na nimeongeza 60,000 za kwenye kibubu changu. Zinapungua 75,000. Sikula hata senti. Mahesabu yanafungwa baada ya wiki mbili, na Jumapili iliyopita nimesikia kina mama wakinong'ona kwamba yule kijana siku hizi ana simu mpya.

Mume wangu hajui habari ya daftari. Tulipobishana kuhusu mchango wenyewe alisema kanisa haliendeshwi kwa upepo, "mtenda kazi astahili posho lake". Mimi nikamjibu kwamba imeandikwa "mmepata bure, toeni bure". Je, ni halali kanisa kumtoza mtoto pesa ili asikie habari za Yesu? Na mimi nifanyeje: nilipe kimya kimya, niseme, au niache kabisa kufundisha?

Mwalimu wa watoto, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye kalvati. Umeona kitu ambacho watu wengi waliopita getini siku ile hawakukiona, na kimekunyima usingizi. Hilo silichukulii kirahisi.

Ila umenifungia mambo mawili kwenye furushi moja. Kuna swali la mchango, ambalo usharika mzima unapaswa kulibeba. Na kuna daftari, ambalo mwandiko wake ni wako peke yako. Nimeona unatamani jibu la swali la kwanza likusafishe kwenye la pili, yaani kama mchango si halali, basi kuandika "amelipa" si kosa. Mimi nadhani hata mchango ukiwa mbaya kiasi gani, daftari litabaki na neno ambalo si kweli, na hata daftari likisahihishwa leo, swali la mchango litakusubiri Juni ijayo. Tuyatenganishe.

Tuanze na mchango. Umenichekesha kidogo wewe na mumeo. Mstari wako uko Mathayo 10:8, na wake uko Mathayo 10:10. Mnarushiana maneno aliyoyasema Bwana mmoja, kwa watu wale wale, kwa pumzi moja. Wanafunzi waliambiwa watoe bure, na papo hapo wakaambiwa kwamba watalishwa. Na nani? Na nyumba zitakazowapokea. Luka 8 inawataja hata kwa majina baadhi ya wanawake waliokuwa wakiihudumia safari ya Yesu kwa mali zao, Yoana mke wa Kuza na Susana wakiwemo. Kwa hiyo hata kwake, bure ilikuwa na mtu aliyeinunulia unga.

Historia ya kazi yako nayo inasema hivyo hivyo. Robert Raikes alipoanzisha shule za Jumapili kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto maskini ambao siku nyingine za wiki walikuwa kazini, na walimu wake wa kwanza walilipwa. Wiki za Biblia za likizo nazo zina mizizi New York, ambako mwaka 1898 mama mmoja, Bi. Hawes, aliwakusanya watoto waliokuwa wakizurura mitaani wakati wa likizo ya kiangazi. Alikodi ukumbi wa kuuzia bia, maana ndio aliopata. (Kwao likizo ile ni ya joto kali. Sisi wa Kilimanjaro tumeihamishia Juni, ukungu haujaondoka mlimani mpaka saa tano.) Na ukumbi wa bia haukodishwi kwa maombi tu. Kuna aliyelipa. Isipokuwa hakuwa mtoto.

Ndiyo maana "bure au kulipia" hainisaidii sana. Nikisoma bajeti yenu najiuliza nani anaombwa pesa, wapi, na kwa ajili ya nini.

Hebu tuitazame. Nimechukua kalamu. Uji, maandazi, pilau, daftari na kalamu za rangi, vyote pamoja ni 500,000 kwa watoto 100. Hiyo ni 5,000 kwa mtoto, elfu moja kwa siku. Ile 10,000 iliyobaki ni tisheti na mabasi. Kwa hiyo aliyekaa kwenye kalvati hakuzuiwa na gharama ya Biblia wala ya uji, amezuiwa na nguo na safari. Sisemi tisheti ni dhambi. Nimewaona watoto wanaozivaa mpaka zinatoboka, wakijidai. Na maporomoko ya maji ni somo zuri la uumbaji kuliko picha zote za maboksi. Lakini vitu hivi viwili vingeweza kusimama upande wao, anayeweza achangie, na meza ya getini isingekuwa na kazi. Hatari yake naijua: siku ya mwisho utaona nusu ya watoto wana tisheti za njano na nusu hawana, na Yakobo sura ya 2, ile inayokemea kumpendelea aliyevaa vizuri, itakuwa imeingia kanisani kwenu imevaa rangi. Labda basi tisheti zote ziachwe. Labda upatikane mtu wa kuzinunua zote. Hayo ni ya kikao.

Halafu kuna neno lenyewe. Mnaita mchango. Kwetu mchango wa harusi au wa msiba unaandikwa kwenye daftari, ndiyo, lakini aliyetoa elfu mbili na aliyetoa laki wote wanakula, na hata asiyetoa hafukuzwi msibani. Kitu chenye kiwango kimoja, meza na geti kina jina lake: ni ada. Bibi wa watu anajua tofauti. Wajukuu wake kama wanasoma shule ya serikali, elimu bila malipo imekuwepo kuanzia awali hadi kidato cha nne tangu 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alikemea hadharani watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Sasa fikiria mtoto huyo harudishwi shuleni, anarudishwa kanisani.

Hata hivyo nikuulize machache, usiudhike. Una hakika gani kwamba watoto walipungua kutoka 140 kwa sababu ya pesa tu? Siku hizi Juni kuna twisheni karibu kila mtaa, na watoto wengi hupelekwa kwa bibi na babu, Rombo, Marangu, Machame. Inawezekana pesa ndiyo sababu kubwa, lakini ukisimama kikaoni na hesabu ambayo mwenyekiti anaweza kuibomoa kwa swali moja, utakuwa umemsaidia yeye. Bora uende na majina. Tembelea nyumba tano ambazo watoto wake hawakuja, uliza kwa nini.

Na huyo mwenyekiti. "Roho ya biashara" ni neno zito. Ulimuuliza kwa nini aliona wiki imepooza? Pengine aliona unayoyaona wewe kila mwaka na hukuyaandika: kwamba sukari inaletwa na mama yule yule, ulezi na mama yule yule, na wamechoka, na wengine tunakuja kula ndizi za mzee wa kihamba tukidhani zinaota kanisani. Bure ya namna hiyo nayo ina wanaoumia, ila wanaumia kimya kwa sababu ni wanawake na wameshazoea.

Kuna kitu kingine umekitaja kwa mstari mmoja ukapita haraka: watoto wako hawalipi. Mimi sikuhukumu, kazi mnayofanya walimu wa watoto haina mshahara. Lakini nadhani sehemu ya usingizi uliokosa iko hapo. Uliyemrudisha alikuwa wa mwenzako, wa kwako walikuwa ndani. Kama ndivyo, liseme kikaoni wewe mwenyewe kabla halijasemwa na mwingine.

Nije kwa bibi, maana nahisi humwelewi na amekuumiza. Mwanangu, bibi hakuomba msaada. Soma tena ulichoniandikia. Mjukuu alisema bibi ataleta akishauza. Na akaleta. Alitembea na 6,000 kwenye pindo la kanga, yaani 3,000 kwa kila mtoto, na akaahidi nyingine. Katika watu 79 waliolipa sijui wangapi walitoa kwa uzito ule. Na wewe, kwa upendo, ukamwambia pesa yake haihitajiki. Aliuliza "na nani?" kwa sababu mtu mzima lazima ajue anadaiwa shukrani na nani. Ulipokosa jibu, akabaki na deni lisilo na mwenyewe. Ni vigumu kumpeleka mjukuu kwenye safari ya namna hiyo. Siri yako iliwaingiza wale watoto Jumanne, na nadhani ndiyo iliyowatoa Ijumaa.

Sasa daftari. Umeniuliza ulipe kimya kimya, useme, au uache.

Kulipa kimya kimya kunavutia. 75,000 zinatafutika, kwenye kikoba au kwa kuuza kitu, na mahesabu yanafungwa. Lakini umesahau simu mpya ya yule kijana. Minong'ono imeshaanza. Pesa iliyopungua ikionekana ghafla imejaa, unadhani kina mama watasema nini? Watasema kastuka, karudisha. Utakuwa umelipa fedha yako kununua jina baya la mtoto wa mwenzio, ambaye kosa lake ni kukuamini. Katika barua yako yote, hapa ndipo naogopa zaidi kuliko 75,000, na hapa sikupi muda wa wiki mbili. Yule kijana anastahili kuisikia kutoka kinywani mwako wiki hii, kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya mumeo kama itabidi.

Kusema, basi. Kwa nani kwanza? Mama mkwe ndiye anayeshika hazina, na wazo la kwanza ni kumfuata jikoni kwake jioni, mkamalize kifamilia. Fikiri vizuri. Ukimwambia kama mkwe, unamweka kati ya kumficha mke wa mwanawe na kulinda jina lake mbele ya usharika. Akikuficha, mtakuwa wawili. Akikataa, mumeo ataisikia kwa mama yake, na hiyo ni vita nyingine kabisa. Wapo mama wakwe wenye moyo mpana, na wewe unamjua wako. Pengine ni salama zaidi mumeo ajue kwanza, halafu mwende wawili kwa mchungaji au mwinjilisti, na mama mkwe aisikie pale kama mtunza hazina. Au pengine kwenu hiyo ingeonekana umemshtaki kabla ya kumheshimu. Mila za nyumba yenu siwezi kuzipima nikiwa mbali.

Chochote utakachochagua, nenda na daftari jipya: majina 9, na mbele ya kila moja kilichotokea kweli. Usiende na hotuba ya Mathayo 10. Ukichanganya kukiri na kulaumu, watasikia kulaumu tu. Na jiandae kwamba wanaweza kukuondoa kwenye meza, au hata kwenye kufundisha kwa muda. Itauma, miaka 11 si mchezo.

Kuacha mwenyewe ni kitu kingine. Naelewa hamu yake. Ila najiuliza, Juni ijayo akija mtoto wa viatu vinavyong'aa, pale getini atakuwa amesimama nani?

Mambo haya yakitulia, ndipo uchokoze swali la mchango, na usilichokoze peke yako. Kwenye ibada zenu kuna mnada. Nimeshuhudia mkungu mmoja wa ndizi ukinunuliwa, ukarudishwa madhabahuni, ukauzwa tena na tena, mpaka ndizi zikaona aibu. Mnada wa Jumapili moja ya Mei kwa ajili ya uji wa watoto si jambo geni. Au jumuiya zigawane siku, kila moja ilishe siku yake, ili mama wa sukari apumzike. Au mzazi aambiwe mapema gharama halisi ni 5,000 na alete anachoweza, kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake, watu wazima kwa watu wazima, na getini pawe na mwalimu wa kusalimia tu. Kila njia ina walakini. Mnada una wiki za mvua, jumuiya moja italegea, na "anachoweza" kuna watu wenye magari watakaoileta elfu moja. Mtabishana. Mbishane tu, ila safari hii usinyamaze halafu ukapigie kura kwenye daftari.

Na kabla ya vikao vyote hivyo, ningekuwa mimi ningepanda kwa yule bibi jioni moja. Nisingebeba sukari wala kanga. Ningemwambia aliyelipa ni mimi, kwamba niliona aibu kwa kuwarudisha wajukuu wake, na kwamba sikufanya vizuri kuikataa pesa yake. Kisha ningemwomba ile elfu sita, kama bado ipo, na kama angeitoa ningeipokea kwa mikono miwili na kuiandika jina lake.

Niandikie baada ya kikao.

Shangazi